Kaseti ya Kaka Yangu na Soko la Dunia

Mimi si mtu wa kusamehe upesi. Padri wetu kule Ifakara akihubiri habari ya kugeuza shavu la pili, mimi huangalia dirishani nikisubiri afike kwenye sadaka. Basi nitasimulia mambo ya Wajerumani wale jinsi yalivyokuwa, na anayeona nilizidisha, kiti hicho hapo, akae awalilie yeye.

Miaka ile ya mwishoni mwa tisini niliishi zaidi Guangzhou, kule Uchina, kuliko nyumbani. Nilikuwa nanunua nguo: blauzi za kina mama, jinzi za watoto, sketi za sare. Asubuhi nagombana na wenye maduka ya soko la nguo la Shisanhang, mchana nabeba sampuli hadi jengo la Tianxiu, lililojaa wafanyabiashara wa Kiafrika, kwenye ofisi ya wakala wangu wa mizigo, Mmombasa mmoja mpole aliyekuwa akinipakilia makontena kupitia bandari ya Huangpu. Jioni narudi nyumba ya wageni iliyokuwa jirani na hapo, ghorofa ya tatu, ambako vyumba vyote vilichangia kibaraza kimoja kirefu chenye kamba za kuanikia. Siku moja nikatoka na ndoo yangu ya nguo nikakuta kamba zimejaa suruali za ngozi.

Nyeusi, zina vifungo vya chuma na minyororo, zinachuruzika maji. Wenyewe walikuwa wamekaa chini yake na kaptura, wanaume watano weupe wenye nywele ndefu zilizoanza kupungua utosini, mapaja yamewaiva kwa harara. Nani anavaa ngozi kwenye joto la Guangzhou? Niliwaonea huruma nikawapa poda ya watoto. Ndivyo nilivyojuana na bendi ya Wajerumani. Nasema hivyo ijulikane kwamba mimi sikuanza kwa ubaya.

Mwenye bendi ndiye aliyekuwa mpiga gitaa na mwimbaji, na alipenda kuongea. Walikuwa wapiga roki ile ya nguvu, magitaa yananguruma na ngoma zinapigwa kama zimekosa adabu. Kwao, mji wa wachimba makaa ya mawe, walikuwa wamevuma zamani hadi watu wakapanda juu ya magari kuwaona. Halafu vijana wakahamia muziki wa mashine, kumbi zikawa ndogo, na mwisho wakawa wanapiga kwenye harusi za binamu zao. Meneja wao akawaambia: Uchina ina watu wasiohesabika, na hakuna hata mmoja aliyewachoka bado. Ndiyo wakaja kutafuta kile alichokiita soko la dunia. Kwanza Guangzhou, kisha Tokyo, kisha Amerika. "Na siku moja," mpiga gitaa alikuwa akiniambia kwa Kiingereza chake cha kukwaruza, akininyooshea kidole, "Afrika yenu pia."

Mimi nilimwelewa, maana ni mfanyabiashara. Bidhaa ikishapitwa kwao, huvushwa mpaka iende kwa mtu ambaye hajaizoea. Sisi tumevaa mitumba ya Ulaya tangu utoto. Huyu naye alikuwa mtumba, tofauti ni kwamba mtumba wetu hupata mnunuzi.

Mwenyeji wao mjini alikuwa tajiri wa kiwanda cha magodoro. Aliwapigisha kwenye ufunguzi wa duka lake, katikati ya vitanda, wanunuzi wakiwa wameziba masikio na huku wanabonyezabonyeza magodoro. Msimu wa maonyesho makubwa ya biashara aliwaweka kwenye ukumbi wa hoteli, wakaambiwa wapunguze sauti mpaka vijiko vya wageni visikike. Nilikwenda kuwaona mara moja. Sitadanganya, yule bwana gitaa alilijua. Alilipiga kwa uchungu kabisa, jasho linamtiririka ndani ya ngozi, na wazee wa maonyesho wanakula tambi.

Sasa niseme habari ya kaseti.

Kaka yangu naye alikuwa mpiga gitaa. Utotoni Mama alimpeleka shambani kuamia ndege, maana mpunga ukitoa masuke usipokaa juu ya dungu na manati na makopo ya kugonga, kwelea hawakuachii hata punje. Yeye akapanda dunguni na gitaa alilolichonga kwa kopo la mafuta. Ndege wanakula, yeye anapiga. Mama alimchapa mpaka mkono ukamchoka. Baadaye akakimbilia Morogoro mjini, akaingia bendi ya dansi, akawa mtu. Siku moja wakapigwa redioni, na jirani yetu akaunasa wimbo ule kwenye kaseti. Unaanza kwa sauti ya kaka, "Mama, hii yako," halafu gitaa lake peke yake, halafu bendi nzima inaingia taratibu. Hakuwahi kutoa santuri. Aliugua, akafa kijana, na kaseti ile ndiyo ilikuwa imebaki ya sauti yake hapa duniani. Hakukuwa na nyingine.

Mama alinipa niende nayo Uchina. Dar es Salaam mashine ya duka moja ilikuwa imeshaitafuna kidogo, akaapa haiingii tena kwenye mashine ya Kariakoo. "Kule wanakotengeneza redio hawatashindwa kuiweka kwenye CD," aliniambia. Nami nilipofika, katika mji ambao ukiacha kiatu mlangoni kesho unakuta pacha wake sokoni, nilishindwa kumwamini mtu yeyote. Nilikuwa naisikiliza chumbani mwangu jioni nikikunja nguo, kisha naifungia kwenye sanduku.

Ukuta wa nyumba ile ulikuwa mwembamba. Jioni moja mlango ukagongwa, nikamkuta mpiga gitaa.

"Nani huyo anayepiga?"

"Kaka yangu. Ni marehemu."

Akaomba aingie. Akageuza ndoo yangu, akaikalia, akausikiliza wimbo mpaka mwisho mikono ikiwa magotini. Akaomba nirudie. Akasema gitaa lile ndilo alilolitafuta miaka yote bila kujua. Nilipomweleza haja ya Mama, alichangamka: juma lile lile walikuwa wanaingia studio kurekodi albamu yao ya kuuzia dunia nzima. Angeusafisha wimbo, auweke kwenye CD, aniletee mbili, moja yangu, moja ya Mama. Mtu wa muziki, tena mwenye machozi machoni. Nilimkabidhi kaseti nikiwa nimeifunga kwa kitambaa changu cha kichwa, naye akaipokea kwa mikono miwili kama anayepokea komunyo.

Juma lililofuata nilitoka Shisanhang na marobota yangu, nikakuta kamba za kibaraza ni tupu. Mtu wa mapokezi akanipungia mkono kuonyesha wameshaondoka. Wamekwenda Hong Kong, na hawakuacha ujumbe. Namba ya simu aliyonipa ilikuwa inalia tu upande wa pili.

Nilimchukia. Sitafuti neno laini zaidi ya hilo. Nilikuwa nikibeba mzigo namchukia, nikila namchukia, nikipiga magoti kusali namwombea harara. Babu yake Mama alichapwa hamsa ishirini na Mjerumani kwa kuchelewa kufika kwenye kazi ya shokoa, ile ya kulazimishwa, na bibi alikuwa akitusimulia viboko vile kama vya jana. Nikasema, kumbe hawa hawajamaliza, walisahau kaseti.

Na Mama hakuniacha nipumue. Kila alipopata simu pale misheni swali lilikuwa moja.

"Kaseti?"

"Bado inasafishwa, Mama."

"Inasafishwa kwa sabuni gani hiyo isiyokwisha?"

Mwaka ukapita, ukaingia mwingine. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Siku moja Mama akaniagiza jambo jingine. Kwetu wakulima walikuwa wakitambaza utepe wa kaseti mbovu juu ya mpunga, toka mti hadi mti, upepo ukivuma unavuma nao na ndege wanaogopa. Sasa kwelea walikuwa wameuzoea. Shamba la jirani mtu alikuwa amening'iniza CD zilizoharibika, zinazunguka na kumetameta, na ndege wake wote wamehamia kwa Mama. "Niletee hizo za kumeta," akasema. "Nyingi."

Kwa Guangzhou hilo lilikuwa jambo dogo. Kampuni za muziki za Ulaya na Amerika, zikishindwa kuuza CD, zilikuwa zinazikata pembeni kwa msumeno ili zisiuzwe tena, kisha zinazisafirisha kama taka za plastiki zije kuyeyushwa Uchina. Vijana wa mji walikuwa wanaziwahi kabla ya moto, kwa sababu CD husomwa kutoka katikati kwenda nje: ukiikata ukingoni unaua wimbo wa mwisho tu, zingine zote zinacheza. Mimi sikuwa na haja ya wimbo. Nilikwenda kwenye uwanja mmoja wa taka nje ya mji, nikamkuta mama mmoja mwenye mabuti ya mpira anauza kwa kilo.

"Laoban," nikamwita, maana kule kila muuzaji ni laoban, yaani bosi, hata akiwa amekaa juu ya takataka. "Nataka za kumeta."

Akanisukumia gunia. Zilikuwa bado na vijikasha vyake. Nikaingiza mkono, nikatoa moja, nikaona kibaraza chetu.

Ni kibaraza chetu chenyewe. Wanaume watano wamesimama wamenuna kwa suruali za ngozi, na nyuma yao, kwenye kamba, imeanikwa khanga yangu nyekundu. Nikatoa ya pili, ni hiyohiyo. Gunia zima ni wao, na nyuma yake magunia mengine, yote wao. Niliketi pale pale kwenye taka.

Nilichukua moja nikaenda nayo Tianxiu. Wakala wangu alikuwa na redio yenye sehemu ya CD mezani. Akakitazama kijikasha.

"Dada, huyu si yule Mjerumani wa harara?"

"Ndiye."

"Na leso ile kambani si yako?"

"Yangu. Weka usikilize."

Ikazunguka. Kukawa na mkwaruzo kama wa redio ya mbali, halafu kaka yangu akasema: "Mama, hii yako."

Wakala akaweka kalamu chini. Gitaa la kaka likaanza, kidogo tu, ukubwa wa pumzi moja au mbili, na papo hapo ngoma zikaanguka juu yake na gitaa la Mjerumani likaingia na tuni ileile, likiikanyaga kwa mabuti. Nilisoma kijikasha chote. Tuni zote, maneno yote, ni yake yeye, jina lake kamili mara kumi. Kaka yangu hakutajwa hata kwa herufi. Nililia kwa hasira mpaka wakala akafunga mlango wa ofisi.

Tuliiacha ikaendelea hadi mwisho. Wimbo wa mwisho ulikuwa ule wa taratibu aliokuwa akiuimba nyuma ya ukuta majuma mengi, akiniambia ndio utakaomfungulia Amerika. Ulipofika, msumeno ulikuwa umeshapita hapo. Ukagugumia, ukalia kama panya, ukakata. Nilicheka machozi yakiwa bado mashavuni. Wimbo wa kaka ulikuwa wa kwanza, ndani kabisa, haukuguswa.

Nikarudi uwanjani nikayanunua magunia yote. Mama wa mabuti akanionyesha mengine ya bendi zingine. "Bu yao," nikamwambia, sitaki. Nilitaka hao tu. Wakala alipoona yanashushwa ofisini kwake alishika kiuno.

"Muziki wote huu wa nini, dada?"

"Wa ndege."

Magunia yalikaa pale yakisubiri jinzi zangu zikamilike ili yaingie kontena moja. Na asubuhi ile ile ya kupakia, nikiwa ofisini nafunga kamba, mlango ukafunguliwa, akaingia mpiga gitaa.

Alikuwa amenyoa. Amevaa suruali ya kawaida kama mtu yeyote, gitaa mgongoni, peke yake. Aliponiona rangi ilimpotea. Hakuwa amenifuata mimi. Nilimkaribisha akae, na kwa kuwa ofisi haikuwa na kiti cha tatu, akakaa juu ya magunia. Yakalia chini yake kwa sauti ndogo. Wakala alinitazama kwa macho makubwa.

"Nyamaza, ndugu yangu," nikamwambia kwa Kiswahili. "Mmiminie chai."

Akaeleza shida yake. Bendi ilikuwa imevunjika, mpiga ngoma sasa anauza matairi. Kampuni ilizichapa CD nyingi, maduka yakazikataa, ikazikata na kuzitupa bila kumwachia hata sanduku moja, na chache alizokuwa nazo alishazigawa. Sasa amempata tajiri mmoja wa hapa mjini aliye tayari kumpeleka Asia nzima, amlipie na wanamuziki wapya. Ila anataka kushika albamu mkononi. Alikuwa amekwenda kwenye uwanja wa taka, akaambiwa zote zimechukuliwa na mama wa Kiafrika, na mama wa Kiafrika atapatikana wapi kama si Tianxiu? "Hii ndiyo nafasi yangu ya mwisho," akasema. "Unamfahamu huyo mama?"

"Kaseti yangu iko wapi?"

Akafungua mfuko wa gitaa, akaitoa. Ilikuwa yenyewe, yenye alama ya rangi ya kucha aliyoiweka Mama. Naapa, na hili sijamwambia Mama, kama kaseti ile ingeimba ningempa magunia yote yale, tena ningemsaidia kuyabeba kichwani hadi kwa tajiri wake. Chuki yote ya miaka miwili ilikuwa tayari kuyeyuka pale kwenye meza ya Mmombasa.

Nikaiweka kwenye redio. Injini ya basi. Wanaume wanacheka. Sauti yake ikahesabu kwa Kijerumani, halafu gitaa likawa linapapasa, linaanza, linaacha, linaanza tena. Nikapeleka mbele, ni basi. Nikageuza upande wa pili, basi.

"Wazo lilinijia njiani," akasema, "na hakukuwa na kaseti nyingine. Lakini ule mwanzo mzuri tulikuwa tumeshaunakili studio." Alilisema kama mtu anayeeleza kwamba mvua ilinyesha.

Sikupiga kelele. Mimi nikikasirika sana huwa mtulivu, waulize walioniudhi. Simu ikalia, wakala akasema gari la kwenda Huangpu limefika chini na wapagazi wamekwenda kula. Nikamgeukia mgeni.

"Tusaidie kubeba," nikasema. "Halafu nitakuambia habari za huyo mama."

Akavua koti haraka, mtu anayetaka kupendeza. Aliyabeba magunia yake begani, moja baada ya jingine, lifti na ngazi, akihema, vumbi la taka limempaka shingoni. Mara moja aliniuliza nini kizito hivi. Nikamwambia ni vitu vya shamba, vya mama yangu. Wakala alikuwa akitembea nyuma yetu akisoma astaghafiru.

Gari lilipoondoka tukarudi juu. Nikafungua mkoba, nikaiweka ile CD yangu moja kwenye redio.

"Mama, hii yako," kaka akasema. Gitaa lake likapita, nikabonyeza kuzima kabla ya ngoma.

Mjerumani aliitazama redio. Akatazama sakafu pale magunia yalipokuwa. Akatazama bega lake. Kisha akakimbilia dirishani, lakini gari lilikuwa limeshapinda kona.

"Nipe hiyo moja," akasema. "Hiyo tu iliyomo. Tafadhali." Akanyoosha mikono yote miwili, ile ile aliyopokelea kaseti.

"Meiyou," nikamwambia. Hakuna. Ndilo neno unalolisikia kutwa kucha katika mji ule, na yeye alilielewa vizuri.

"Zinakwenda wapi?"

"Afrika. Si ulisema siku moja? Hongera, mmefika soko la dunia."

Aliondoka chai yake ikiwa haijaguswa. Wakala akasema, "Dada, wewe wamuua mtu hivihivi na hapumui tena." Nikamwambia alinde kontena langu vizuri. Sijawahi kusikia tena habari za bendi ile, wala sikuzitafuta, na wala sijuti. Malipo ni hapa hapa duniani.

Kontena lilifika Dar, nami nikafika Ifakara mpunga ukiwa umetoa masuke. Nilikuwa nimenunua redio ya CD ya betri. Nilimkalisha Mama nikampigia, nikazima palepale kabla ya ngoma, nikamweleza yote kwa mara ya kwanza, bila sabuni. Hakulia mbele yangu. Aliichukua kaseti, akaigeuzageuza.

"Na humu ndani mna nini sasa?"

"Mna Mjerumani."

Akachukua kijiti, akauvuta utepe wote mpaka mwisho. Siku iliyofuata tuliutambaza juu ya mpunga, na CD tukazifunga humo kila hatua chache, mamia, zikizunguka na kumetameta. Sura zao tano za kununa tulizitandika chini ya kuku. Upepo ukaja kutoka mtoni, utepe ukavuma, CD zikawaka shamba zima, na kwelea waliokuwa wametanda wakanyanyuka kwa pamoja wakaenda kwa jirani.

Mama alikuwa amepanda dunguni na redio mapajani. Akabonyeza mwenyewe. "Mama, hii yako." Alikuwa ameshajifunza pa kuzima.

"Miaka yote aliwaachia ndege mpunga wangu kwa gitaa," akasema. "Leo mwanangu ameamia."

Halafu akairudisha mwanzo.